Magadi Kwenye Pipa la Igoki

Nitueni hapa. Hapa hapa, miguu ya mbele ya kiti iguse huu mstari wa zege ambapo lango hufungia, na msinisogeze tena hata hatua moja. Na wewe Murungi, acha kunifunika blanketi mpaka puani, mimi si maiti bado. Mungu amenipa pumzi kidogo asubuhi hii na sitaki kuimaliza nikibishana juu ya baridi.

Sikieni nyinyi watatu mliotoka tumboni mwa Peninah, mke wangu aliyetangulia: Mutembei kifungua mimba, Ntinyari binti yangu, na Murungi kitinda mimba. Sikia na wewe Ishmael ndugu yangu, kwa maana ulikuwepo siku ile na leo ni lazima uwepo. Na usikie kuliko wote wewe Mama Purity, Igoki binti wa Kibugu, mke wa Mutembei, uliyesimama huko nje barabarani na mwavuli wako, kwa sababu miaka minne iliyopita nilisema kwa mdomo wangu kwamba hutavuka lango hili nikiwa hai, na wewe ni mtu wa kushika neno.

Najua majirani wanachungulia. Wanasema Mzee Mithika amechanganyikiwa, badala ya kulala kitandani afe kwa utaratibu anabebwa na kiti mpaka barabarani. Waacheni waseme. Juzi Ntinyari alipompigia Mama Purity simu kumwambia kwamba daktari amekata tamaa na haya mapafu yangu, ambayo moshi wa kuni ulikwisha kuyala, alijibu kwamba atakuja lakini hataingia. Alisema, "Nitasimama nje. Akiwa na la kusema, aseme mbele ya wale waliosikia lile la kwanza." Nikaona mtu uliyemdhulumu huna haki ya kumchagulia pa kusimama, kwa hiyo nimeletwa mimi.

Nitasema kwa Kiswahili. Kimeru chetu na Kiembu chake vinasikilizana, lakini kuna maneno huteleza yakapotea katikati, na leo sitaki hata moja lipotee. Tena ndicho Kiswahili nilichopigia kelele wapishi wenzangu jikoni shuleni kwa miaka thelathini na moja, na ndicho nilichotumia siku ile ya kumkosea. Ntinyari, weka simu yako hapa magotini pangu irekodi. Nikikohoa usiizime, kikohozi nacho ni changu.

Naanza na ardhi kwa sababu ni rahisi. Ntinyari, kile kipande cha juu chenye migomba ni chako, umeolewa au hujaolewa, unafundisha Ishiara au umerudi hapa, ni chako na kimeandikwa. Usikubali mtu akuambie binti hana shamba kwao. Murungi, wewe chukua kule chini karibu na mto ambako kahawa ilibaki mistari minne, na usiiuze kabla hujakaa juu yake mwaka mzima na kuona unavyojisikia. Mutembei, nyumba hii ya mawe na ng'ombe ni vyako. Ishmael, mpaka wetu ubaki pale ulipo kichaka cha miiba, wala sitaki kusikia tena habari za ule ugomvi wa kipande cha mbele, nimechoka nao tangu baba yetu alipozikwa. Karatasi ziko kwa wakili pale Nkubu, nimetia sahihi nikiwa na akili zangu, na aliyeziandika alinisomea mara mbili.

Mnaona nimeruka kitu kimoja. Sijataja ile stoo. Murungi amekuwa akiniambia mwaka mzima kwamba tuigawanye iwe vyumba vya kupangisha walimu, na mimi nikawa namjibu kwamba nitafikiria. Sikuwa nafikiria. Nilikuwa naogopa, kwa sababu siwezi kuitaja ile stoo bila kutaja nilichofanya ndani yake. Nimezunguka na mambo ya migomba na ng'ombe kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango, na mlango naujua tangu zamani. Nipeni maji.

Haya. Stoo ile ilijengwa na baba yangu kwa ajili ya kahawa, na kahawa ilipong'olewa ikabaki ya panya na magunia matupu. Mama Purity ndiye aliyeiona kwa jicho lingine. Aliolewa hapa akiwa ametoka chuo cha kilimo, akaliangalia shamba letu lililokatwakatwa tangu enzi za babu yangu, akaona fuko wanavyokula mizizi kutoka chini na mvua ya mawe inavyopasua majani kutoka juu, akaniambia, baba, wacha tulime ndani. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilimuuliza kama ng'ombe naye tutamlaza kitandani.

Yeye alifunga mabomba ya plastiki kwenye kuta, moja juu ya lingine mpaka karibu na paa, akayatoboa matundu, akapanda miche ya saladi na spinachi na dania kwenye vikombe vidogo vyenye kokoto, akaweka pampu ya kuzungusha maji, akatundika zile taa za zambarau ambazo watu wa njiani walisema tumefungua baa. Udongo haukuwemo hata kijiko. Na mbolea hakununua. Aliniomba mimi nimletee mabaki ya jikoni, kwa maana nilikuwa nimestaafu lakini wapishi wote pale shuleni niliwafundisha mimi, na hakuna ambaye angeninyima ganda la kiazi. Nikawa nabeba ndoo. Maganda ya viazi, majani ya nje ya kabichi, ndizi zilizoiva zikapitiliza, maganda ya mayai, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Alivikata vidogo vidogo, akavifunika kwenye pipa la kwanza na molasi kidogo vichachuke majuma mawili, akachuja kwa kitambaa, akamimina kwenye pipa la pili lililojaa kokoto na kulipuliza hewa bila kukoma. Alisema kokoto zile zina vijidudu wasioonekana, na hao ndio wanaomalizia kupika ili mmea uweze kula. Neno hilo lilinifurahisha, kwamba hata vijidudu ni wapishi. Baada ya hapo ndipo alipouchanganya ule mchuzi na maji mengi na kuuachilia kwenye mabomba.

Sikuamini mpaka nilipoona. Maganda niliyokuwa nikiyatupa shimoni ujana wangu wote yaligeuka majani mabichi yanayong'aa, mengi kiasi kwamba hoteli za Nkubu zilituma pikipiki kuyachukua kila Alhamisi. Nilikuwa nikikaa kwenye kigoda ndani ya stoo, jioni kabla ya chakula, nikisikiliza yale maji yakitiririka, na nilijisikia mtu wa maana. Mtu akistaafu huachwa akae tu, anaamkiwa na kupitwa. Mama Purity alinirudisha kazini. Nataka mjue kwamba nilijua hivyo, hata wakati ule nilijua, na bado nikafanya nilichofanya.

Alikuwa na sharti moja. Chakula kilichokwisha kupikwa kisiingie pipani. Chumvi hapana, mafuta hapana, na magadi hapana kabisa kabisa. Siku ya kwanza kabisa nilimletea ndoo ya githeri iliyobaki shuleni, yale mahindi na maharagwe yetu, githeri nzuri, akaipokea kwa mikono miwili, akasema kwa heshima, baba, hii tuwape kuku. Nilitabasamu. Lakini neno lile lilinikaa. Githeri yangu wapewe kuku! Githeri iliyolea watoto elfu moja na mia mbili kila mwaka, ambao wengine leo ni mahakimu na wengine ndio hao madaktari wanaonikatia tamaa. Na nyinyi mnajua hakuna mtu wa upande huu anayepikia umati mahindi na maharagwe bila magadi, maana bila magadi ungemaliza kuni za kijiji kizima na bado maharagwe yangegonga meno. Mkono wangu huu unajua konzi ya magadi kuliko unavyojua kufungua Biblia. Nikajiambia moyoni kwamba msichana huyu amesoma, lakini kupika ananifundisha mimi?

Ikaja likizo ya Agosti. Shule ikafungwa, jiko likapoa, maganda yakaisha. Wakati huo huo mama yake Igoki akaugua kule Kibugu, naye akaenda kumuuguza wiki tatu, akaniachia mapipa mimi. Si Mutembei aliyemwachia, ni mimi. Akaniambia pipa lisikae bila chakula zaidi ya siku nne, na kwamba nikikosa maganda nizunguke kwa majirani, au niende soko la Kanyakine nikaokote majani ya kabichi yanayotupwa.

Niende sokoni nikainame! Nikaokote majani miguuni mwa wale akina mama ambao nilikuwa nikiwanunulia kabichi kwa gari zima, wakiniita bwana mpishi! Sikuweza. Nilifika mara moja mpaka kwenye lango la soko na gunia limekunjwa kwapani, nikasimama, nikasalimiana na watu, nikanunua kiberiti na kurudi. Jioni hiyo nikawasha moto wa kuni nyuma ya nyumba, nikatoa ile sufuria kubwa niliyopewa na shule siku ya kuagwa, nikapika mahindi na maharagwe na viazi. Nikatia chumvi, nikatia mafuta, na mkono wangu ukaingia kwenye kopo la magadi wenyewe, bila kuniuliza. Konzi moja. Nilijua amekataza. Nilisema kimoyomoyo, haya majani yatakula chakula cha watu leo, na yatakua mpaka yaguse paa, na akirudi nitamwambia ni nini yalikula. Nikaponda, nikapoza, nikamimina pipani. Baada ya siku nne nikarudia. Na baada ya siku nne nyingine, nikarudia tena. Konzi tatu.

Mutembei, usiondoke. Simama hapo hapo. Najua hili hukulijua. Ulikuwa kazini Meru siku zile na ulirudi Ijumaa tu. Simama, mwanangu, nimalize.

Mama Purity alirudi Jumatano. Alinisalimu, akanishukuru kwa kazi, akaniletea majani ya chai ya kwao. Akachuja, akajaza mabomba kama kawaida yake. Kufika Jumamosi saladi zote zilikuwa zimelala, kingo za majani zimeungua, na mizizi iliyokuwa myeupe imekuwa ya kahawia, inateleza mkononi. Stoo nzima. Kulikuwa na harusi kubwa Nkubu wiki hiyo na hoteli ilikuwa inangoja mzigo, ikakosa, ikatuma mtu kutufokea hapa kwangu mbele ya watu. Aibu ikanishika. Na Ishmael, sikulaumu zaidi ya ninavyojilaumu, lakini ni wewe uliyesema kwanza kwamba kuna kikundi cha wanawake Embu kinachomtaka akaanzishe stoo kama hii kwao, kwamba ametoka kwao juzi tu, kwamba mkono wake ndio uliojaza mabomba mwisho. Ulisema, ameharibu hapa ili apate sababu ya kuhama na mtoto wetu. Ulilisema ukiwa na chai yangu mkononi. Nami nikaliokota.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Kama ningekuwa sijui, ningekuwa mzee aliyekosea, na wazee hukosea. Lakini Jumapili ile baada ya ibada, kabla hamjakusanyika na wazee kuzungumzia hasara ile, niliingia stoo peke yangu. Nilichovya kidole kwenye bomba, nikakiweka ulimini. Jamani. Ulimi huu umeonja sufuria za shule kwa miaka thelathini na moja. Nilijua mara moja. Ile ladha ya magadi iliyo kama sabuni, ilikuwa imejaa kwenye yale maji. Nilisimama pale nikayatazama mabomba yote na yale majani yaliyokufa, na nilijua ni nani aliyeyaua kama ninavyojua jina langu. Kisha nikafuta kidole kwenye koti, nikatoka, nikaja kukaa kwenye kiti cha mbele.

Mliokuwepo mnakumbuka nilivyosema. Nilisema mwanamke huyu ametutilia sumu. Nilisema amekula kwangu na kunichafulia jina. Nilisimama, nikanyosha mkono kuelekea lango hili, nikasema asilivuke tena nikiwa hai, na anayemvusha namhesabu si wangu. Mzee wa kanisa alijaribu kunishika mkono, nikamsukuma. Kwa nini? Nimejiuliza miaka minne. Nilikuwa nimezoea kuwa bwana mpishi. Ningewezaje kusema mbele ya watu wale wote kwamba nimeua mimea yangu mwenyewe kwa githeri, kwa sababu msichana alitaka kuwapa kuku? Ilikuwa rahisi zaidi kumpoteza yeye. Hayo ndiyo maneno yenyewe na hayana nguo nyingine ya kuyavisha.

Naye hakujitetea. Mnakumbuka? Watu walimwambia aseme, na yeye akawa ananitazama mimi tu. Hakutazama kwa hasira. Alinitazama kama anayengoja. Mimi nikatazama paa.

Jioni alipokuwa akifunga nguo zake na za mtoto, nilikwenda stoo kufunga mlango. Juu ya rafu, pale nilipozoea kuweka kofia yangu, nilikuta kisosi. Ndani yake kulikuwa na ile karatasi yake ya kupimia maji, imegeuka bluu iliyokolea, kama igeukavyo ikigusa magadi, na kando yake punje moja ya mahindi na maharagwe mawili, yameoshwa vizuri. Alikuwa ameyatoa chini ya pipa. Ntinyari, acha kulia, rekodi. Alikuwa ameyatoa chini ya pipa asubuhi ile, kabla ya mkutano, na hakuna mtu mwingine nyumba hii aliyeponda githeri. Alijua. Alikuja mkutanoni akijua, na angeweza kuinuka na kile kisosi akakizungusha kwa wazee mmoja mmoja. Hakutaka kumwaibisha baba mkwe wake mbele ya rika lake. Alikiweka pale nitakapokiona mimi peke yangu, akaningoja niseme mwenyewe.

Nilitupia kuku zile punje. Karatasi nikaitia motoni. Kisosi nikakirudisha kabatini, na ni kile kile mnachonipea dawa kila asubuhi.

Nishikeni bega, nainama... Hivyo. Ngojeni kidogo.

Kwa hiyo Mama Purity aliondoka, na mtoto akiwa na miaka mitano. Mutembei ulibaki ukinitunza, na kila mwisho wa mwezi ulikuwa ukienda Kibugu kulala kwa wakwe zako kama mgeni, na ukirudi mimi nakuuliza habari za chai ya huko kana kwamba hiyo ndiyo iliyokupeleka. Nimekuona ukizeeka. Hujaniuliza hata siku moja kwa nini. Ulininyenyekea mimi, ukamwacha yeye, na uliyemnyenyekea alikuwa mwongo. Samahani, mwanangu. Neno lenyewe ni dogo, lakini sina kubwa zaidi.

Pumzi inapungua. Nitasema kwa ufupi.

Neno nililolisema siku ile, la lango, ninalifuta. Nalifuta mbele ya Mungu, mbele ya Ishmael aliyelisikia, mbele ya hawa waliolitii. Lilikuwa la uongo tangu lilipotoka. Asiwepo mtu wa kuliokota nikishafukiwa, akasema mzee alilaani. Mzee alidanganya, basi.

Stoo ni yake. Igoki, si ya Mutembei, ni yako, kwa jina lako na namba ya kitambulisho chako, stoo na mapipa na tangi la maji na ardhi iliyo chini yake mpaka hapa barabarani, ili usimwombe mtu njia. Imekwisha kuandikwa mwezi uliopita. Na uelewe hili. Sikupi ili uvuke. Ukigeuka sasa hivi ukapanda pikipiki ukarudi Kibugu, ni yako. Ukimkataa mwanangu, ni yako. Ukitaka kuyang'oa mabomba uyapeleke kwa wale wanawake wa Embu, Murungi atakukodishia gari na hatanung'unika. Murungi, umenisikia? Itikia kwa sauti.

La pili. Mnapochapisha kile kijitabu cha mazishi, chenye picha yangu ya tai na ule wasifu wa kunisifu, msiandike tu kwamba nilipika kwa uaminifu miaka thelathini na moja. Andikeni na hili. Andikeni kwamba Mithika alitia magadi kwenye pipa la mkwewe na akamsingizia yeye. Ntinyari, wewe ni mwalimu, andika kwa herufi kubwa, na usome wewe mwenyewe, usimwachie mchungaji maana atalainisha.

La tatu. Watu watakula sana mazishini pangu, nawajua. Kutakuwa na magunia ya viazi na kabichi na ndizi. Maganda yote yakusanywe kabla hayajakutana na chumvi, yawekwe kando mapema, mabichi, kwa ndoo, na Igoki akiyataka apelekewe. Wapikaji wakibisha, waambieni mpishi mkuu ndiye aliyesema. Githeri itakayobaki... hiyo wapeni kuku.

Msicheke, inaniuma kifua.

Leteni maji tena. Si ya kunywa, ni ya kulowesha mdomo. Zamani mzee akibariki alitema mate kidogo kwenye kifua cha mwanawe, na Peninah hakupenda nifanye hivyo kwa kuwa tumeokoka, lakini Peninah hayupo na mimi sijui njia nyingine. Mdomo umekauka, hata mate sina... Sasa. Mutembei, inama. Ntinyari. Murungi, toa hiyo kofia. Mungu awape kazi inayowachosha kwa haki, na meza yenye watu. Msilale na neno la uongo kifuani, halichachuki likawa chakula, hubaki vile vile mpaka lioze pamoja na wewe. Muwe na watoto wanaothubutu kuwakatalia. Mpate... mpate kusema pole mkiwa bado na miguu ya kuwapeleka.

Igoki, wewe siwezi kukufikia. Uko hatua tatu na kwangu ni safari. Pokea hukohuko uliko, wewe na Purity uliyemwacha shuleni. Mungu akurudishie miaka minne. Mimi sina ya kukurudishia.

Unasema nini? Sauti yako imekuwa ndogo. Funga huo mwavuli, sema tena.

"Baba, nimesikia. Lakini bado sijakusamehe."

Mmesikia nyote? Amesema. Miaka minne nimengoja aseme neno, na amesema. Ishmael, usimkemee. Mtu yeyote asimkemee. Sawa, mwanangu. Sikukuita unisamehe, nilikuita nikwambie. Kaa na hasira yako, ni mali yako halali, hiyo nayo sikugawa. Lakini kuna baridi hapo, na ndani kuna moto, na mume wako hajala tangu jana. Ingia nayo. Ingia na hasira yako yote, nyumba ina nafasi.

Hapana, msininyanyue. Wekeni kiti chini. Sitaingia kabla yake. Kama nitafia hapa langoni, basi iwe hapa.

Mutembei, usimshike mkono. Mwache. Atakuja kwa miguu yake au hatakuja.

Sioni vizuri... Ntinyari, ni nini hiyo? Ni yeye? Amefika wapi?

Amevuka lango?

Haya. Sasa ninyanyueni.